Lebo ya Sarafu ya Tabora

Nilizaliwa Tabora, na tangu nianze kukusanya sarafu hakuna nilizozipenda kama zile zilizopigwa palepale mjini mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, manowari za Waingereza zimeifunga pwani, na serikali ya Wajerumani haina tena njia ya kuletewa fedha kutoka Ulaya. Mafundi wa karakana ya reli wakazitengeneza wenyewe: rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, vipande 16,198 tu, na chenji ya heller 5 na heller 20. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji.

Heller 20 ina taji, herufi DOA (kifupi cha jina la Kijerumani la Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka upande mmoja. Upande wa pili thamani yake na herufi T ya Tabora. Madini yoyote yaliyofaa yalitumika, kwa hiyo zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Nyekundu ni chache zaidi, na bei inalijua hilo.

Kuna kipindi nilikuwa naishi Hamburg. Kwenye maonyesho ya sarafu Berlin nikamkuta mfanyabiashara mmoja mzee ana heller 20 ndani ya kasha la plastiki lililofungwa na kampuni ya kupima ubora wa sarafu. Kampuni hizi huikagua sarafu, huipa alama katika mizani ya 1 hadi 70, kisha huifungia moja kwa moja pamoja na lebo na namba ya cheti. Lebo ilisema: shaba nyekundu, MS 62, yaani alama 62 kwa sarafu isiyowahi kutumika, na herufi BN, ambazo huwekwa kwenye shaba nyekundu iliyogeuka rangi ya kahawia. Nililipa bei ya shaba nyekundu bila kunung'unika, maana mwanga wa ukumbi ule ulifanya kila kitu kionekane cha kahawia.

Nyumbani niliiweka dirishani, jua la asubuhi likiipiga, pembeni yake heller 20 zangu mbili zisizo na kasha, moja ya kila aina. Ndani ya kasha sarafu hushikwa na meno madogo ya plastiki, na katikati ya meno hayo ukingo wake unaonekana. Pale ukingoni palikuwa na mkwaruzo mwembamba, nao ulimeta njano kama pete mpya. Chini ya kutu ya kahawia nyuma ya taji napo njano ilikuwa inachungulia. Ile nyekundu yangu haina rangi hiyo popote.

Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni, nikaandika namba ya cheti, picha ikaja, ni sarafu yangu kabisa. Kisha nikajaribu namba inayofuata, kwa sababu sarafu zinazopelekwa pamoja hupewa namba za mfululizo. Ikatokea heller 20 nyingine, imeandikwa shaba ya njano, na pichani ni nyekundu kama udongo wa Tabora. Lebo zilikuwa zimepishana. Mtu aliyekaa mezani kuzifunga alishika hii akaipa karatasi ya ile.

Nilimpigia rafiki yangu wa Muscat, mtu mwenye asili ya Unguja anayekusanya pesa, zile sarafu za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar. Yeye mambo haya anayajua: pesa yake ya mwaka 1299 wa Hijria, ambayo tarakimu zake za Kiarabu zinasomeka wazi, iliwahi kumrudia na lebo ya 1304.

"Ndugu yangu, wewe iache," akaniambia. "Kwenye mnada watu wanasoma lebo. Ukiirudisha unajipunguzia mwenyewe."

"Na atakayeinunua kwangu?"

"Atakuwa na macho yake."

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Kampuni hizi huweka hesabu ya kila aina waliyowahi kuipima, na wakusanyaji huitumia hesabu hiyo kujua kipi ni adimu. Kwa sarafu ya dola za Marekani iliyopimwa kwa maelfu, kosa moja humezwa. Sarafu za Tabora zilizopimwa ni chache, kwa hiyo lebo mbili zilizopishana zinasema uongo kuhusu kazi ya mikono ya watu wa mji wangu, na atakayekuja kuandika juu yao ataunukuu uongo huo.

Nikawaandikia, nikaambatisha picha za ukingo na namba zote mbili. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha shaba nyekundu, na kwamba dhamana yao ya fedha haihusu makosa ya uandishi wa lebo. Lilinikera sana, kwa maana fedha sikuwa nimeomba. Niliwajibu kwa adabu kwamba ninachotaka ni sarafu ifunguliwe na madini yapimwe. Wakakubali. Posta na bima nililipa mimi, marekebisho hawakuyatoza. Ndani ya plastiki huwezi kuipima uzito, na mashine ya eksirei inayosoma madini inataka sarafu iwe wazi, kwa hiyo ilibidi kasha livunjwe.

Zinki ilikuwemo, tena nyingi. Sarafu ilirudi na lebo mpya: shaba ya njano, MS 62 ileile, herufi BN zimeondoka, namba ya zamani imefutwa.

Nilimwandikia yule mzee wa Berlin nikamtumia picha za lebo zote mbili. Bila kuombwa alinirudishia tofauti ya bei, akaniomba radhi. Ile nyekundu, akasema, alishaiuza kwa mnunuzi aliyelipa taslimu na hakuacha jina. Kampuni nayo haibadilishi maandishi mpaka sarafu yenyewe irudi mezani kwao. Namba ile naendelea kuiangalia mara kwa mara. Bado inasoma shaba ya njano, na aliyenayo huenda hajui kwamba alichonunua ni bora kuliko alicholipia.