Risiti ya Gari la Majitaka

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mama, chemba imefurika." Mpangaji wa nyumba ya uani hana salamu ndefu. Kabla sijanawa uso ameshatuma picha tatu, na katika moja kandambili ya mtoto inaelea.

Nyumba yenyewe si yangu. Ni ya shoga yangu niliyesoma naye sekondari. Yeye na mumewe wako Uingereza, mwaka wa nane huu. Walipoondoka waliniachia funguo nne kwenye kamba ya kiatu na ombi lililosikika dogo: "Utatuangalizia tu." Kuangalia! Tangu siku hiyo nimekuwa dalali, karani na msuluhishi wa ugomvi wa LUKU (mita moja, kaya mbili, huyu ana friji, yule anapikia jiko la umeme). Nimekuwa hadi "mama mwenye nyumba", maana nimechoka kuwasahihisha.

Kodi yenyewe hainisumbui. Wanalipa miezi sita sita, naituma, yameisha. Kazi iko kwenye vijihela. Chukua kodi ya majengo, shilingi 1,500 kila mwezi, inayokatwa mtu akinunua umeme. Deni ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita mpangaji wa mbele ananisomea meseji zake za LUKU moja moja mpaka zifike 9,000, nami namrudishia. Haki yake. Ila nikimweleza shoga yangu kwenye simu najisikia kama mtu anayetunga.

Basi nikamtumia picha za chemba na bei: gari moja, 100,000. Jibu likaja baada ya saa nzima. "Si mwaka jana tu tulinyonya?"

Hilo "tu" nimelisoma mara kadhaa. Mwaka jana uani aliishi mtu mmoja, leo wamo watano, na masika haya maji ya mvua yanaingia shimoni bila hodi. Niliyaandika yote hayo, nikayafuta, nikajibu, "Ndiyo, mwaka jana."

Zamani meseji zetu zilianza na umbea. Siku hizi ni "vipi, wamelipa?" Na mimi je? Mgongo wake unaomsumbua sijauulizia tangu Ramadhani. Nauliza kama hela imeingia. Nani alianza, sijui.

Gari lilifika saa sita mchana, mtaa mzima ukafunga madirisha. Nikalipa kwa hela yangu kwanza, nikamwomba dereva risiti.

"Risiti ya mavi, dada?"

Alicheka peke yake, akachana karatasi kwenye daftari lake la mafuta, akaandika juu ya boneti. Alipoinyanyua, dole gumba lake lilikuwa limebaki pembeni, jeusi, mistari yote inaonekana. Nikaipiga picha hapo hapo, dole na vyote, nikaituma.

"Mwenzangu, hilo dole limegusa nini?" Kisha: "Usinijibu." Kisha simu ikaita.

Tuliongea dakika arobaini. Mgongo bado, anasema, ila amepata daktari anayemsikiliza. Tulimsema mwalimu wetu wa hesabu mpaka nikakaa chini kwenye ngazi za watu.

Ile laki moja nimeikumbuka sasa hivi usiku, naandika.