Bango Langu Ukumbini

Nilidhamini kongamano lile kwa sababu moja: nilitaka nembo ya kampuni yangu ionekane. Tulikuwa wasambazaji wa glavu, sindano na visanduku vya kutupia sindano zilizotumika. Vikijaa, madereva wetu ndio waliovikusanya na kuvipeleka tanurini. Waandaaji waliponiletea barua ya kuomba udhamini, mada ikiwa magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, niliwaona wateja wangu wote chini ya paa moja. Nikatia saini palepale. Wiki nzima tukabishania ukubwa wa bango.

Hotuba yangu ya ufunguzi siikumbuki, na sidhani kama yupo anayeikumbuka. Ninayemkumbuka ni muuguzi aliyenifuata jukwaani, mikono mitupu, hana hata karatasi. Alitaja tarakimu tatu: 30, 3, 0.3. Ndiyo makadirio, alisema, wanayofundishwa wahudumu wa afya: katika kila watu 100 waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, wangapi wanaweza kuambukizwa. Ya kwanza ni homa ya ini B kwa asiyechanjwa, ya pili homa ya ini C, ya mwisho VVU. Mimi na biashara yangu yote ya sindano, miaka yote nilidhani VVU ndiyo inayoongoza. Akaendelea: kirusi cha B huweza kudumu siku 7 nje ya mwili, hata damu ikishakauka. Chanjo yake ipo tangu miaka ya 1980, dozi 3 ndani ya miezi 6.

Wakati wa maswali mkono ukanyooshwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Dereva wangu. Alikuwa ameleta katoni za glavu za maonyesho, akabaki kusikiliza. Swali lake halikwenda kwa muuguzi.

"Bosi, sisi tunaobeba visanduku tumechanjwa?"

Watu walicheka, wakidhani tumepanga. Nikajibu, "Tutalizungumza ofisini," lile jibu letu sisi mabosi tusiokuwa na jibu. Bango lilikuwa juu ya kichwa changu. Fedha zake pekee zingewachanja wote, na nyingine zikabaki.

Wiki iliyofuata nilileta wauguzi. Walipima kwanza, ndipo wachanje. Jioni yule dereva aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akasimama. Yeye hakuchanjwa, chanjo haimsaidii aliye na homa ya ini B tayari.

"Daktari anasema mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili huifukuza wenyewe," aliniambia. "Ya kudumu kama yangu, wengi huipata utotoni, au kwa mama wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo huenda si ya kazini, bosi."

Alikuja kunifariji. Neno hilo nimelishika kwa mikono miwili tangu siku ile, na sijawahi kujiuliza kwa sauti kama nimelishika kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa linanifaa.