Fundi karabai wa Kirumba na wachimba makaa wa Ujerumani

Jumamosi nilishuka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kumchukulia mama dagaa sado mbili, nikakuta vijana wanapandisha taa za sola kwenye mtumbwi, nikamkumbuka mzee wangu. Mzee alikuwa fundi karabai, zile taa za mafuta ya taa za kupampu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na bila taa huambulii kitu, kwa hiyo jioni kibandani kwake palikuwa hapatoshi, huyu washa ya pampu imekauka, yule nozeli imeziba. Mzee anaipaka ile washa ya ngozi mafuta kwa kidole gumba, anapampu, anatega sikio. Mlio ukikatakata tu, "lete pini".

Afu 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua dizeli. Sawa, ila mvuvi ndo alikuwa anayanunua kila jioni, hesabu ikagoma. Taa za betri na sola zikaingia mdogomdogo, foleni ya mzee ikawa watu wawili, ikawa mmoja, ikaisha. Akahamia baiskeli, na hakuwahi kuzipenda.

Sisemi karabai zirudi jamani, ule moshi naujua na kikohozi chake nakijua.

Ila wiki hii nimesoma habari za Ruhr kule Ujerumani nikapata wivu kabisa. Miaka ya 50 migodi ya makaa ya mawe ya pale ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki nne. Mwaka 2007 wakakubaliana ruzuku ya migodi mwisho 2018, yaani mchimbaji alipewa miaka 11 ya kujipanga, wenye umri wakastaafu mapema na wengine wakatafutiwa kazi nyingine. Tarehe 21 Desemba 2018 mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel pale Bottrop, ukafungwa na kipande cha mwisho cha makaa akakabidhiwa Rais Steinmeier mkononi. Sio kwamba ni malaika, makaa ya kuchoma waliendelea kuagiza nje, na yale ya kahawia sheria yao ya 2020 imeyapa hadi 2038. Na ardhi ilishatitia kwa kuchimbwa, hivyo pampu zinavuta maji mpaka leo na hazitazimwa milele, zikizimwa tu mitaa inageuka bwawa. Ziwa bila dagaa hilo!

Sasa na sisi tumepewa tarehe safari hii. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Shangazi yangu anauza mkaa Igoma, kwa kopo na kwa ndoo, kasomesha watoto watatu kwa kopo hilohilo. Nikampigia, nikamwambia shangazi una miaka kadhaa tu hapo, anza kufikiria hata kuuza gesi.

Akacheka. "2034? Mwanangu, gunia la jana sijalilipia bado."

Afu akaniuliza mtungi wa kuanzia biashara ni shilingi ngapi.