Bwawa langu la Kinango: daraja A isikulevye

Ukiwa na bwawa la udongo Kinango nawe unakaa Mombasa, ushauri hukosi, na mwingi ni wa kukubomolea. "Kisilanga hicho? Hakina neno." Nililipima: kina cha juu cha maji mita 4.2, tuta mita 70 kwenye usawa wa maji, na maji hurudi nyuma bondeni mita 180. Zidisha zote tatu, ugawe kwa 6: meta za ujazo 8,820, kwa makadirio. Kwa kanuni za maji za Kenya za 2007 hiyo ilikuwa daraja A, hatari ndogo: kina chini ya mita 5, ujazo chini ya 100,000, na eneo linaloteremsha maji ya mvua hadi bwawani chini ya kilomita 100 za mraba. Vipimo hivyo havihesabu nyumba. Chini ya tuta langu kuna makazi ya watu na njia ya watoto wa shule, basi nalitunza kama la daraja la juu. Lile la Solai, Nakuru, lililopasuka Mei 2018, lilikuwa la shamba la mtu binafsi pia, na waliokufa walipita 40.

Kazi ilikuwa unyevu ulioibuka chini ya tuta, upande mkavu. Fundi mmoja akaja na saruji, akapiga plasta ya kupendeza kweli, akalipwa, akaenda zake. Haukupita muda, maji yakachomoza pembeni mwa plasta, tena kwa nguvu zaidi. Yangefanya nini? Ukiyaziba yanapotokea, presha hujaa ndani na tuta zima hulegea.

Kinga maji hayo kwenye chupa nyeupe, uiache usiku kucha. Yakibaki safi, ni mvujo tu. Ukiona tope limetua chini, udongo unachukuliwa na tundu linakula kuelekea bwawani. Yangu yalikuwa na utepe mwembamba wa tope. Pima pia kwa kopo la lita 1 na saa ya simu. Mvujo ukizidi na bwawa halijapanda, usingoje.

Nilishusha maji kwanza kwa mpira wa inchi 2, plasta ikabanduliwa. Pakawekwa mchanga wa mto uliooshwa sentimita 30, kokoto ngumu kiasi hicho hicho, na mawe ya Mazeras juu kwa uzito. Maji yapite, udongo ubaki. Kokoto ya matumbawe kataa hata kwa bei ya bure, huvunjika. Udongo wa mfinyanzi mahali pake ni upande wa maji. Pesa zilikwisha kwenye lori, si kwenye mchanga.

Na wale wanaoziba mkondo wa maji ya ziada kwa magunia ili wavune ya kiangazi! Acha mita 1 nzima kati ya maji na kilele cha tuta. Masika yakipita juu ya tuta la udongo, hulikata kwa saa chache. Mwarobaini ukiota tutani, ng'oa ungali mche. Mti mkubwa usiukate hivi hivi: mizizi ikioza huacha mifereji ndani, kwa hivyo hapo ita mhandisi.