Ninavyoulinda Moyo Wangu na Kumwachia Yesu Ulinzi

Mstari unaotajwa zaidi katika jambo hili ni Mithali 4:23: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Wengi wakiusikia hufikiria habari ya kutoumizwa. Mtu ameachwa na mchumba au amesalitiwa na rafiki, anaambiwa "linda moyo wako", naye anaelewa kwamba asimpende mtu tena, asimwamini mtu, asitoe la moyoni kwa yeyote. Kwa muda atatulia kweli. Lakini mstari unasema moyo unalindwa kwa ajili ya kinachotoka ndani yake, na chemchemi iliyozibwa haimnyweshi mtu.

Mimi huusoma mstari huo pamoja na Wafilipi 4:6-7, kwa sababu pale Paulo anataja mlinzi ni nani: amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu." Kwa hiyo sisimami mlangoni peke yangu usiku na mchana. Kazi yangu ni ndogo kuliko hiyo, ila ni ya kila siku: kuangalia kinachoingia, na kumpelekea Yesu mapema kile ambacho tayari kimeingia.

Kuhusu kinachoingia, usiuchukue mstari wa 23 peke yake. Anza wa 20, uishie wa 27. Unakutana na masikio, kisha macho, kisha moyo wenyewe, halafu kinywa, macho tena, na mwisho miguu. Ndiyo orodha ninayoitumia. Nimesikiliza nini leo na nani aliyekuwa akisema? Nimetazama nini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika? Nimemsema nani? Miguu imenipeleka wapi? Kinywa ndicho watu wengi hukisahau, wakidhani hutoa tu. Ukimsengenya mtu kwa nusu saa, maneno yako mwenyewe yanakurudia na kukaa moyoni, na siku ukikutana naye unamwona kwa sura uliyoichora wewe.

Asubuhi, Neno linatangulia simu. Sisemi hivi kama sheria ya dini; ni kwamba moyo hufuata jambo la kwanza ulilolishika. Ukianza na habari mbaya na ujumbe wa watu, utaomba kwa kichwa ambacho tayari kina mbio. Kiasi cha kusoma kisiwe kikubwa: mistari 10 hadi 15 inatosha, isomwe mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Anayetaka kujifunza kumtumaini Yesu ninamshauri akae kwanza katika Injili, maana huwezi kumtumaini mtu usiyemjua. Marko ina sura 16; ukienda nusu sura kwa siku, mwezi mmoja na siku chache unaimaliza bila haraka.

Katika kusoma, uliza kila mara: huyu aliyemjia Yesu alikuja na imani kiasi gani, naye Yesu alimpokeaje? Chukua yule baba wa Marko 9, ambaye mwanawe alikuwa na pepo. Alimpeleka mwanawe kwanza kwa wanafunzi, wakashindwa. Alipofika kwa Yesu alikuwa amekwisha kuvunjika moyo, akasema "ukiweza". Yesu akamkemea kwa neno hilo, na baba akalia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Tazama kinachofuata. Yesu hakumwambia aende nyumbani akaongeze imani ndipo arudi. Alimponya mtoto hapo hapo. Mtu anayengoja ahisi ana imani kubwa ndipo amkabidhi Yesu jambo lake atangoja sana. Sala ya baba huyu inatosha kuanzia, nayo inaweza kusemwa kwa pumzi moja.

Mstari wa kukariri uwe mmoja kwa wiki, si zaidi. Taja kitabu, sura na mstari mwanzoni na mwishoni. Ukate vipande kwa mkato au nukta, ushike kipande cha kwanza, ongeza cha pili, na kuendelea, kisha useme wote mara 5 bila kutazama. Urudie siku ya pili, ya nne na ya saba. Kosa la kawaida ni kukariri mstari uliong'olewa mahali pake. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", hutumika kama ahadi ya kushinda kila shindano, hali mistari miwili ya nyuma yake inazungumzia kuridhika katika kupungukiwa na katika kufanikiwa. Mtu akishindwa alichokitaka, anadhani Mungu amemdanganya. Ndiyo maana ninasoma mistari mitano ya juu na mitano ya chini kabla ya kukariri.

Sasa kile ambacho tayari kimeingia. Wazo baya kupita kichwani si dhambi. Yesu mwenyewe alijaribiwa. Yakobo 1:14-15 inaonyesha hatua: tamaa inamvuta mtu na kumdanganya, inachukua mimba, inazaa dhambi, dhambi inazaa mauti. Kuna nafasi kati ya hatua na hatua, na ushindi uko katika nafasi ya mapema. Soma 2 Samweli 11 taratibu uone. Daudi alibaki Yerusalemu wakati wa vita. Jioni akaondoka kitandani, akatembea juu ya dari, akaona mwanamke anaoga. Baada ya kuona angeweza kugeuka na kushuka. Lakini alituma mtu kuuliza habari zake. Akajibiwa wazi kwamba ni mke wa Uria, na jibu halikumzuia tena, akatuma wajumbe wamlete. Mahali pa kukata palikuwa kati ya kuona na kuuliza. Katika simu ni vivyo hivyo: picha ikipita mbele ya macho, hapo umeona; ukitafuta jina la mwenye picha, hapo umetuma mtu kuuliza. Baada ya kuuliza, nguvu za kukataa hupungua sana.

Kwa hiyo sisubiri. Ninalitaja jambo kwa jina lake mbele za Bwana, kwa sauti ikiwezekana: "Bwana Yesu, hii ni tamaa, ninaileta kwako." Kisha ninaondoka mahali hapo kwa miguu na kushika kazi nyingine inayohitaji mikono. Simu usiku hulala chumba kingine. Kufukuza wazo tu bila kuweka kitu hakusaidii. Katika Mathayo 12:43-45 nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu ilirudiwa na pepo saba wengine waovu kuliko yule wa kwanza. Hapa ndipo mstari wa wiki unapofanya kazi yake.

Hofu inataka njia nyingine, kwa sababu haifukuziki kwa kuamriwa. Ninachukua karatasi na kuigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja haja, upande wa pili shukrani, kwa kuwa Paulo alisema "kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru". Haja iandikwe kamili: badala ya "Bwana, angalia kazi yangu", andika "mkataba unaisha mwezi ujao, sijaambiwa kitu, ninaogopa kukosa kodi." Kila haja iwe na shukrani moja ya kweli mkabala wake, hata ndogo. Kisha ninaisoma mbele za Mungu mara moja tu, ninapiga alama kwenye kile ambacho leo kiko mikononi mwangu kukifanya, na ninasema amina.

Hilo la mara moja lina sababu. Sala ya mtu mwenye hofu hugeuka upesi kuwa kuizungusha hofu ileile kwa macho yaliyofumbwa, akainuka amechoka kuliko alivyopiga magoti. Utaijua kwa jinsi sentensi zote zinavyoanza na "itakuwaje kama". Ukiona hivyo, simama. Hofu ikirudi baada ya saa moja, na itarudi, usianze upya. Shika ile karatasi useme, "Hili nimekwisha kukutwika, Bwana", kama 1 Petro 5:7 inavyosema, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Kumtumaini Yesu kwa vitendo mara nyingi ni kukabidhi jambo lilelile mara kumi kwa siku, bila kujilaumu kwamba halikukabidhiwa vizuri mara ya kwanza.

Kinyongo ndicho kinachohitaji kazi kubwa zaidi, na ndicho wapendwa wengi tunachokificha kwa maneno mazuri. Waefeso 4:26-27 inakubali kwamba utakasirika, ila inaweka mpaka: jua lisichwe hasira ikiwa bado haijakutoka, wala Ibilisi asipewe nafasi. Waebrania 12:15 inakiita shina la uchungu, linalochipuka na kuwatia unajisi wengi. Kosa kubwa ni kusema "nimesamehe" haraka, kabla hujajua unasamehe nini. Andika kosa kwa sentensi moja: fulani alifanya hivi. Andika lilikuchukulia nini: fedha, heshima, muda, imani yako kwa watu. Machozi yakija yaache yaje. Kisha umkabidhi Mungu hukumu kwa Warumi 12:19, ukisema wazi kwamba unaacha kudai malipo. Halafu mwombee mema mtu huyo, jambo moja mahsusi, kila siku kwa siku 30. Siku za kwanza maneno yatakuwa makavu mdomoni. Endelea tu, kwa kuwa Luka 6:28 inaagiza tendo la kuomba, haikusema usubiri hisia.

Kama ni ndugu katika imani na jambo bado liko kati yenu, Mathayo 18:15 inaagiza umwendee ninyi wawili peke yenu. Umwendee kabla ya kumwambia mtu mwingine "tuombee". Maombi ya namna hiyo mara nyingi ni usengenyaji uliovaa kanzu ya ibada.

Na hapa niseme kwa mkazo: kusamehe hakumaanishi kurudi mikononi mwa anayekupiga au kukunyanyasa. Msamaha unautoa leo mbele za Mungu. Kuaminiana tena kunajengwa kwa muda na kwa matunda ya toba yanayoonekana. Anayekuambia usamehe halafu unyamaze huku ukiendelea kuumizwa hajakufundisha Maandiko sawasawa. Tafuta usalama na msaada.

Mwili nao usidharauliwe. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba kufa. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, na baada ya safari ndefu hadi mlima Horebu ndipo mazungumzo yakaja. Mara nyingi moyo unaoonekana kukosa imani ni moyo wa mtu aliyekosa usingizi. Huzuni ikiendelea zaidi ya wiki mbili, hamu ya kila kitu ikipotea, au mawazo ya kujiua yakija, mwone daktari upesi na umwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo. Kwenda hospitali hakupunguzi kumtumaini Bwana.

Jioni nina dakika kumi na Zaburi 139:23-24, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Ninamwomba Yeye achunguze, kwa kuwa Yeremia 17:9 inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na mdanganyifu hawezi kujikagua mwenyewe. Kile Roho Mtakatifu anachokionyesha ninakiungama kwa jina: nilidanganya kuhusu muda, nilifurahia fulani aliposhindwa. "Nisamehe makosa yangu yote" ni sala fupi inayoacha mambo palepale. Baada ya kuungama, 1 Yohana 1:9 inalifunga jambo hilo: tukiziungama dhambi zetu, Mungu hutusamehe. Kuungama dhambi moja usiku baada ya usiku kwa kuwa hujahisi kusamehewa ni kuamini hisia zako kuliko damu ya Yesu. Asante Bwana, kisha lala.

Ila hayo yote ukiyafanya peke yako bado kuna hatari. Sulemani, ambaye jina lake liko juu ya kitabu cha Mithali, ndiye 1 Wafalme 11 inayemtaja kwamba wake zake waligeuza moyo wake. Walikuwa 700, na masuria 300, na moyo uligeuka alipokuwa mzee. Hekima yake yote haikumtosha, na hatusomi habari ya mtu aliyekuwa karibu naye akimwuliza maswali. Waebrania 3:13 inasema tuonyane kila siku. Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, aliyeokoka na kukomaa, ambaye hujawahi kumsikia akitoa siri ya mwingine. Mkutane mara moja kwa wiki kwa nusu saa, na maswali yawe yaleyale: umesoma nini na kimekugusa wapi, umeanguka au umekaribia kuanguka wapi, nani una neno naye moyoni, na je, katika majibu hayo umeficha kitu? Swali la mwisho ndilo linalofungua mengi. Kisha muombeane papo hapo, msiahidiane kuombeana baadaye.

Zipo pia nyakati za ukavu, unasoma na hakuna kinachosogea. Nyakati hizo ninapunguza kipimo lakini siachi: mistari mitatu, sala ya sentensi moja, ibada ya pamoja hata kama nitakaa kimya. Na ninasoma Zaburi 88 kwa sauti kama sala yangu. Inaishia gizani, haina mstari wa kushangilia, lakini mwandishi wake anaianza kwa kumwita "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu", na Mungu ameiacha ndani ya Biblia ili sisi tuwe na maneno ya kumwambia siku kama hizo.