Chombo kimefunga gati angani
Juzi usiku nilimwonyesha babu, nahodha wa jahazi aliyestaafu, chombo kikifunga gati kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Vyote viwili vinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, lakini kimoja kinamsogelea mwenzake kwa sentimita chache tu kila sekunde. “Ndivyo bandari inavyoingiwa,” akasema, “taratibu, usivunje ubavu.”

Nikamweleza kuwa humo mna kengele ya meli. Bill Shepherd, mwanamaji wa Marekani aliyeongoza wakazi wa kwanza mwaka 2000, aliipeleka desturi hiyo: wageni wakiwasili, inapigwa. Babu alinyamaza kitambo. Jahazi lake naye aliliita chombo, maisha yake yote.

“Nahodha wao nani leo?” akauliza.