Bustani Ilikuwa na Mboga, Majirani Hawakuwa Nazo

Msimu wa kwanza wa bustani yetu ya mtaa tulipanda matuta yote sita kwa siku moja. Tulikuwa wengi, tuna hamu, mbegu zipo, nani angesubiri? Spinachi yote ikawa tayari kwa mpigo. Tukagawa, tukagawa tena, iliyobaki ikatoa maua na kuwa chungu. Kisha tukakaa zaidi ya mwezi bila jani la kuchuma, na walioanza kututegemea wakarudia mboga za dukani zilizokwisha kunyauka njiani.

Kilichoniuma zaidi ni bibi mmoja jirani yangu, anayetembea kwa mkongojo. Alikuja na kikapu chake siku ambayo matuta yalikuwa matupu. Akasema tu, "Haya mwanangu, nitapita tena." Hakupita.

Msimu uliofuata niliwaomba wenzangu tupande kwa awamu: kila baada ya siku 14, sehemu ndogo tu ya tuta. Figili, inayokomaa kwa takriban mwezi mmoja, tukaichomeka kati ya mistari ya karoti, ambayo huchukua karibu miezi mitatu, ili nafasi isilale bure. Spinachi hatuing'oi tena. Tunachuma majani ya nje, mawili matatu kwa kila mche, na moyo unaachwa uendelee kuchipua.

Tulibadili pia saa ya kuchuma. Zamani ilikuwa Jumamosi saa sita mchana. Majani yalilegea kabla ya kufika jikoni, na waliokuwa kazini walikosa kabisa. Sasa tunachuma jioni, jua likipoa na watu wakirudi makwao, tunapanga mafungu juu ya meza langoni. Kwa maoni yangu, meza ile imewafikishia watu mboga kuliko mboji yote tuliyomwaga.

Na bibi? Tulitengeneza sanduku la mbao lenye miguu, udongo ukafika usawa wa kiuno, nikaenda mwenyewe kumwita. Aliegemeza mkongojo ukingoni, akaanza kugeuza majani moja moja akikagua upande wa chini, wanakojificha vidukari. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo.

"Umekauka huu. Mnamwagilia saa ngapi?"

Nikamwambia jioni, tukishachuma.

"Udongo wa sandukuni haungoji jioni. Asubuhi niachieni mimi."